Baiskeli mpya yenye kasoro: Ipelekwe kwa fundi au irudishwe dukani?

MNUNUZI wa baiskeli mpya katika miji ya Busia na Malaba hujikuta njia panda pindi baiskeli hiyo inapoonyesha kasoro kabla ya kumaliza hata wiki moja barabarani. Je, aipeleke kwa fundi wa karibu na kulipa kutoka mfukoni mwake, au airudishe kwa aliyemuuzia na kudai haki yake?

Swali hilo laweza kuonekana dogo. Hata hivyo, kwa mtu anayeitegemea baiskeli kubebea abiria, magunia au mitungi ya maji, uamuzi usiofaa waweza kumpotezea fedha, siku za kazi na hata haki ambazo sheria ilikuwa imempa.

Wapo wanaokimbilia kwa fundi papo hapo ili wasikose kazi ya jioni, kisha wakirudi dukani baada ya fremu kukatika huambiwa kwamba baiskeli ilikwisha kuchezewa. Wapo nao wanaoiegesha nyumbani siku nyingi wakimsubiri muuzaji, ilhali kasoro yenyewe ilikuwa ya kukazwa nati moja tu.

Yafuatayo ni maelezo kuhusu aina za kasoro, namna ya kuzitambua mapema, msimamo wa sheria, na hatua za kuchukua kwa mkazi wa mji wa mpakani ambako huenda muuzaji yuko nchi nyingine.

Mpaka uliozaa bodaboda

Busia na Malaba, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 30 kutoka Busia, zote zimo katika Kaunti ya Busia na zote zina uhusiano wa pekee na baiskeli.

Ni katika eneo hili, kuanzia miaka ya 1960, ambapo vijana walianza kuwabeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha mpakani cha upande mmoja hadi kile cha upande wa pili. Magari yalihitaji hati maalumu ili kuvuka, na mwendo kati ya lango moja na jingine ulikuwa mzito kwa mtu aliyejitwika mzigo. Vijana hao walizoea kuwaita abiria kwa kutamka neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, na hapo likazaliwa jina bodaboda ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima.

Pikipiki zilianza kuichukua kazi hiyo nchini Uganda katika miaka ya 1990. Nchini Kenya ziliongezeka kwa kasi kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo.

Licha ya hayo, baiskeli haikutoweka. Hainywi petroli, hupita vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, na bei yake iko chini mno ikilinganishwa na ya pikipiki. Mjini Busia, watu wenye ulemavu wamejipatia riziki kwa kuvusha bidhaa mpakani wakitumia baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono.

Baiskeli inayopendwa zaidi kwa kazi nzito ni ile nyeusi ya chuma ambayo wengi huiita Black Mamba. Ina magurudumu ya inchi 28, breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, na keria imara nyuma. Kwa desturi, gurudumu la mbele huwa na spoku 32 na la nyuma 40, kwa sababu uzito mkubwa humwelemea mhimili wa nyuma.

Gunia la mahindi la kilo 90 likiwekwa juu ya keria, pamoja na uzito wa mwendeshaji, kila nati na kila kiungo hujaribiwa. Kasoro ambayo mwanafunzi anayekwenda shuleni angekaa nayo miezi kadhaa bila kuitambua, mchukuzi huiona siku ya kwanza.

Kasoro mbili zisizofanana

Hatua ya kwanza ni kutofautisha kasoro ya uunganishaji na kasoro ya kiwandani.

Baiskeli nyingi hufika madukani zikiwa vipande ndani ya maboksi. Fundi wa duka, au fundi wa jua kali aliyekodishwa, ndiye anayeziunganisha. Hivyo basi, matatizo mengi ya wiki ya kwanza hayatokani na chuma kibovu bali na mkono uliokuwa na haraka.

Miongoni mwa kasoro za uunganishaji ni gurudumu linaloyumba kushoto na kulia kwa kuwa spoku hazikukazwa sawasawa, breki zinazogusa ringi upande mmoja, usukani uliolegea, mnyororo uliokazwa kupita kiasi, na gololi zilizobanwa mno hivi kwamba gurudumu halizunguki kwa wepesi.

Zipo pia sehemu ambazo kwa kawaida hulegea katika siku za mwanzo hata kama fundi alifanya kazi nzuri. Pini zinazoshikilia mikono ya pedali hujikalia baada ya safari chache na huhitaji kukazwa tena. Spoku mpya nazo hulegea kidogo baada ya kubeba uzito. Mambo haya hayathibitishi kwamba baiskeli ni mbovu. Yanahitaji spana na nusu saa ya fundi mwenye subira.

Kasoro za kiwandani ni tofauti kabisa. Hizi ni kama ufa kwenye kiungo cha fremu, fremu iliyopinda, uma wa mbele uliokaa upande, ringi iliyopasuka pale ilipounganishwa, mashimo ya spoku yasiyolingana, nyuzi za skrubu zilizokwisha kulika, au friwili inayoteleza pedali zikikanyagwa.

Kasoro za aina hii haziponi kwa kukazwa. Baadhi yake, hasa ufa kwenye fremu au uma, ni hatari kwa maisha. Fundi aweza kuuchomelea ufa huo ukaonekana umepona, lakini joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kilicho kando ya kiungo, na mara nyingi ufa mwingine huchipuka karibu na ule wa kwanza. Fremu inapokatika mbele ya lori katika foleni ya magari ya mizigo kuelekea Malaba, hakuna risiti itakayorudisha uhai.

Kwa ufupi, kasoro ya uunganishaji hurekebishwa, na ya fremu, uma au ringi iliyopasuka hurudishwa. Ugumu wa uamuzi umo katika kasoro zilizo kati ya hizo mbili, na hizo ndizo zinazohitaji ukaguzi wa makini.

Ukaguzi wa nusu saa

Ukaguzi mwema hufanywa dukani kabla ya kulipa, au siku ile ile ya kununua ikiwa hapo awali haukuwezekana. Hauhitaji chombo chochote ila uzi na spana.

Kwanza, baiskeli hupinduliwa, magurudumu yakitazama juu. Kila gurudumu huzungushwa polepole huku jicho likitazama nafasi iliyopo kati ya ringi na mpira wa breki. Nafasi hiyo ikipanuka na kupungua, ringi haikunyooka. Fundi akiweza kuinyoosha kwa kukaza spoku, kasoro ni ya uunganishaji. Ikirudi kuyumba baada ya siku mbili tatu ingawa spoku zimekazwa vyema, basi ringi yenyewe ina tatizo.

Pili, fremu hupimwa kwa uzi. Uzi hufungwa kwenye ncha ya nyuma ya upande mmoja, panaposhikilia mhimili wa gurudumu, ukapitishwa mbele kuzunguka bomba la usukani, kisha ukarudishwa hadi ncha ya nyuma ya upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti hupimwa pande zote mbili. Zikitofautiana kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, fremu imepinda.

Tatu, breki ya mbele hushikwa kwa nguvu huku baiskeli ikisukumwa mbele na nyuma. Mgongano ukisikika kwenye shingo ya usukani, gololi za hapo hazikukazwa au kikombe chake kimeharibika.

Nne, mikono yote miwili ya pedali hushikwa na kutikiswa kando. Ikicheza pamoja, tatizo liko kwenye mhimili wa pedali. Ukicheza mmoja tu, yamkini ni pini yake iliyolegea.

Tano, viungo vyote vya fremu hutazamwa mwangani, hasa chini ya bomba la usukani na karibu na mhimili wa pedali. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba mara nyingine huwa dalili ya ufa chini yake.

Mwisho, ni vyema kutazama kama baiskeli kweli ni mpya. Tairi zenye vumbi kwenye mikunjo, alama za spana kwenye nati, au rangi iliyopakwa juu ya kutu ni ishara kwamba huenda iliwahi kutumika na kurudishwa.

Msimamo wa sheria

Mikataba ya kuuziana bidhaa nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31), iliyoanza kutumika mwaka wa 1931 kwa kufuata sheria ya Uingereza ya 1893. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo ndicho chenye uzito zaidi kwa mnunuzi wa baiskeli.

Kulingana na kifungu hicho, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanyia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kuwa anautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, na ikiwa muuzaji ni mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, basi bidhaa hiyo lazima iifae kazi hiyo. Maana yake ni kwamba anayesema dukani, "Nataka baiskeli ya kubebea magunia," ana nguvu zaidi kisheria kuliko anayelipa bila kusema neno.

Kuna tahadhari hapa ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Anayeagiza bidhaa kwa jina lake la kibiashara pekee, bila kuomba ushauri wa muuzaji, aweza kukosa ulinzi huo kuhusu kazi maalumu. Sheria humchukulia kama mtu aliyejichagulia mwenyewe. Kwa hivyo inafaa kutaja kazi, wala si jina la baiskeli tu.

Kifungu hicho pia chataka bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora wa kuuzika. Hata hivyo, mnunuzi akiwa ameikagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kengele isiyolia au matigadi yaliyobonyea ni vigumu kuyalalamikia baada ya kuitazama baiskeli dukani na kuridhika. Ufa uliojificha chini ya rangi ni jambo jingine.

Ulinzi huo uliongezewa nguvu na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora ufaao, habari zinazohitajika ili kuzitumia, na fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro za bidhaa.

Baadaye ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Sheria hii yasema kwamba muuzaji huchukuliwa kuwa amethibitisha ubora wa bidhaa anazouza, na kwamba sharti lolote la mkataba linalojaribu kufuta ulinzi uliotolewa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni batili.

Kwa sababu hiyo, yale maandishi yanayoonekana kwenye risiti na kuta za maduka mengi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi hayamwondolei mnunuzi haki zake iwapo bidhaa ina kasoro. Yana maana kwa mtu aliyebadili nia tu, mathalani aliyechoshwa na rangi au aliyeona baiskeli ya bei nafuu zaidi duka la jirani. Huyo sheria haimlazimishi muuzaji kumrudishia fedha.

Aidha, kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ni mpya ilhali imetumika ni udanganyifu chini ya sheria hiyo ya 2012. Mnunuzi aliyedanganywa ana nafasi ya kuuvunja mkataba kwa kutoa ilani katika muda wa mwaka mmoja tangu waafikiane.

Matendo yanayopoteza haki

Haki ya kurudisha bidhaa haidumu milele. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mnunuzi huhesabiwa kuwa ameikubali bidhaa anapomwarifu muuzaji kwamba ameikubali, anapoifanyia jambo ambalo ni mwenye mali tu awezaye kulifanya, au anapokaa nayo kwa muda wa kutosha bila kusema kwamba anaikataa.

Baada ya hapo, anachoweza kudai kwa kawaida ni fidia ya kasoro, wala si kurudishiwa bei yote.

Hapa ndipo uamuzi wa kwenda kwa fundi unapoweza kugeuka mtego. Mtu akikata keria, akichomelea vyuma vya kuongezea nguvu, akipaka rangi ya steji yake au akibadilisha mhimili, muuzaji atakuwa na hoja kwamba baiskeli hiyo imekwisha kukubaliwa. Aidha atadai kwamba fundi huyo ndiye aliyeiharibu.

Kukaza nati, kujaza upepo au kutia mafuta mnyororo ni matunzo ya kawaida. Kufungua sehemu yenyewe inayolalamikiwa ni jambo la kuepukwa hadi muuzaji aione.

Sheria haitaji idadi ya siku. Muda wa kutosha hutegemea aina ya bidhaa na mazingira, na kwa chombo kinachotumika kila siku kama baiskeli, si busara kungoja. Anayeripoti kasoro siku ya pili ana nguvu kuliko anayeiripoti mwezi wa pili, baada ya kubeba mamia ya abiria.

Kwa sababu mipaka ya haki hii huzua ubishi, njia salama zaidi ni kuafikiana mapema. Mnunuzi aweza kumwomba muuzaji aandike kwenye risiti maneno machache: tarehe, bei, nambari iliyochapwa kwenye fremu, kazi ambayo baiskeli imenunuliwa kufanya, na siku ambazo yaweza kurudishwa au kubadilishwa ikipatikana na kasoro. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hana sababu ya kukataa.

Hesabu ya siku za kazi

Si kila haki iliyopo yafaa kudaiwa kwa ukamilifu wake. Kwa mhudumu wa bodaboda, siku moja bila baiskeli ni siku moja bila mapato, na mkopo wa chama haungoji.

Tuchukue mfano. Mwendeshaji anayebaki na Sh400 kwa siku amenunua baiskeli yenye gurudumu la nyuma linaloyumba. Fundi anataka Sh350 na nusu siku. Gharama yake yote ni Sh550, ukijumlisha Sh200 za nusu siku aliyokosa kazi. Kuirudisha dukani kutamchukua siku tatu na nauli ya Sh200, jumla ikiwa Sh1,400.

Kwa hesabu hiyo, kutengeneza ni nafuu, mradi gurudumu lipone mara moja. Ikiwa ringi ni mbovu na italazimu kurudi kwa fundi mara tatu, gharama itafika Sh1,650, na mwishowe bado atabaki na ringi mbovu na haki iliyochakaa.

Swali la kujiuliza basi si bei ya matengenezo ya leo peke yake, bali ni kama tatizo litarudi. Fundi mwaminifu huweza kulijibu kwa kutazama tu, bila kufungua chochote. Malipo madogo kwa ushauri wake ni fedha zilizotumika vyema.

Ipo pia njia ya kati ambayo mara nyingi ndiyo bora: baiskeli itengenezwe, lakini kwa gharama ya muuzaji. Muuzaji aweza kumwagiza fundi wake, kubadilisha kipuri kilicho kibovu, au kupunguza sehemu ya bei. Mnunuzi akikubali mpango huo, aandikishe kwamba anakubali matengenezo tu na kwamba baiskeli itarudishwa ikiwa kasoro hiyo hiyo itajitokeza tena.

Iliyonunuliwa ng'ambo

Wakazi wa miji hii wana tatizo ambalo watu wa Nakuru au Nyeri hawana. Duka lenye bei nzuri laweza kuwa mwendo wa dakika chache, lakini katika nchi nyingine.

Kuvuka kumerahisishwa. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutekelezwa Januari 2005, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 24, 2018 na Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Rais Yoweri Museveni wa Uganda. Katika vituo vya aina hii, maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja badala ya mbili.

Hata hivyo, urahisi wa kuvuka si sawa na urahisi wa kudai. Baiskeli iliyonunuliwa Busia ya Uganda imenunuliwa chini ya sheria za Uganda, ambako mauzo huongozwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017. Mahakama ya Kenya itakuwa na ugumu wa kumfikia muuzaji ambaye duka lake na mali yake viko ng'ambo.

Kuna pia suala la forodha. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, unaotumia cheti cha asili kilichorahisishwa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Baiskeli zilizotoka China au India haziingii katika mpango huo kwa sababu tu zimeuzwa katika duka la Uganda.

Anayevuka na baiskeli mpya kwa njia za panya huenda akadhani ameokoa fedha. Siku itakapobidi kuirudisha, hatakuwa na karatasi ya kuonyesha ilivyoingia, na muuzaji akiikana, hatakuwa na pa kulalamika. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali.

Kwa baiskeli ya ng'ambo, basi, uzito wa uamuzi huelekea kwenye ukaguzi wa kabla ya kulipa, na pale kasoro ndogo inapojitokeza baadaye, kwenye matengenezo. Kasoro ya fremu au uma bado inastahili safari ya kurudi, na irudishwe haraka, muuzaji akiwa bado anaikumbuka sura ya mteja.

Muuzaji akikataa

Jambo la kwanza ni ushahidi. Risiti ihifadhiwe. Ujumbe wa malipo kwa simu usifutwe, kwa kuwa huonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa. Kasoro ipigwe picha siku inapoonekana. Kipuri chochote kilichong'olewa kisitupwe.

Jambo la pili ni kumwarifu muuzaji kwa namna inayoacha alama. Ujumbe mfupi wa simu unaosema baiskeli ina kasoro gani, ilinunuliwa lini na mnunuzi anataka nini watosha. Anayekwenda dukani aandamane na shahidi, na viongozi wa chama cha wahudumu wa steji mara nyingi hufaa kwa kazi hiyo. Muuzaji anayetegemea wateja wa bodaboda hatapenda jina lake lizungumzwe vibaya steji nzima.

Kama ubora wa bidhaa yenyewe unatiliwa shaka, malalamiko yaweza kupelekwa kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), ambalo tangu mwaka wa 2005 limekuwa na mpango wa kukagua bidhaa zinazoagizwa kabla hazijasafirishwa kuja nchini. Udanganyifu dhidi ya watumiaji nao waweza kuripotiwa kwa Mamlaka ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010.

Hatua ya mwisho ni mahakama. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 iliunda mahakama za kusikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya 2020. Mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Mlalamishi aweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na sheria yataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu iwasilishwe. Kwenye afisi za mahakama, makarani humweleza mlalamishi ni wapi panapopokelewa madai ya eneo lake.

Wachache hufika huko kwa sababu ya baiskeli. Lakini muuzaji akijua kwamba mteja anaifahamu njia hiyo na ana karatasi zake, mazungumzo hubadilika.

Uamuzi kwa muhtasari

Baiskeli irudishwe bila kuguswa iwapo fremu au uma una ufa au umepinda, ringi imepasuka, nyuzi za skrubu zimelika, au imegunduliwa kuwa si mpya. Matumizi yake yakome mara moja, hata kama siku hiyo kuna abiria wengi.

Itengenezwe kwa gharama ya muuzaji iwapo kipuri kimoja ndicho kibovu na chaweza kubadilishwa, kama friwili, pedali au mhimili, na muuzaji yuko karibu.

Itengenezwe kwa fundi wa karibu iwapo ni jambo la kukaza na kunyoosha, gharama ni ndogo, na fundi ana hakika halitarudi. Hata hapo, ni vyema kumwarifu muuzaji kwanza kwa ujumbe mfupi, ili kasoro ikirudi asidai kwamba hakuambiwa.

Kwa vyovyote vile, kasoro isifumbiwe macho kwa matumaini kwamba itajirekebisha. Pini iliyolegea leo huutafuna mkono wa pedali kesho, na spoku moja iliyokatika huzielemea nyingine hadi gurudumu zima linapinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mchukuzi wa mpakani, ukuta huo hujengwa kwa riziki ya watoto.